Nundu ni Yako, Kuni Si Nundu

Njoo mdogo wangu, vuta kigoda ukae. Vua na viatu, maana najua umevivaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Leo sitaki tuongee kama tulivyozoea, wewe unachambua mchicha, sikio moja liko kwangu na la pili liko kwa mtoto. Uache huo mchicha. Hauendi popote.

Juzi jioni nilikuwa kituoni mjini Moshi nasubiri daladala ya kurudi huku Mabogini. Mbele yangu alisimama dada mmoja wa miaka thelathini hivi, begi la kompyuta begani, mfuko wa nyanya na dagaa mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Alikuwa akimwelekeza mtu wa nyumbani namna ya kumpimia mtoto dawa ya homa. "Mpaka mstari wa pili. Si wa tatu, wa pili." Gari likaja, watu wakagombania, yeye akabaki chini. Akakata simu, akaniangalia, akacheka kama anayeomba radhi. Halafu macho yakamjaa maji, akageukia upande wa pili ili nisione. Sikumuuliza kitu. Nilimpokea ule mfuko wa dagaa tukasubiri gari lililofuata.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilimjua. Simjui jina, ila namjua. Ndiye mwalimu aliyeniambia juzijuzi kwamba anasahihisha madaftari saa sita usiku akiwa ameketi sakafuni jikoni, asimwamshe mtoto. Ndiye muuguzi anayetoka zamu ya usiku na kuanza kufua. Ndiye muuza mchele anayeamka kabla ya jogoo ili akirudi akute maharage yameiva. Wote huniuliza swali moja: "Dada, mbona mimi nashindwa na wenzangu wanaweza?" Mdogo wangu, hao wenzio unaowaona wanaweza nao wameniuliza hilohilo, na wengine walinipa mfano wako.

Najua utakachojibiwa ukilalamika. Utaambiwa ng'ombe haelemewi na nunduye. Utaambiwa na mama mkwe, na shangazi, na hata na mchungaji. Na methali ina ukweli wake, sitaikana. Mtoto wako ni nundu yako, umeumbwa naye, na siku ukimkosa mgongoni unajisikia mwepesi vibaya. Lakini mtazame ng'ombe vizuri. Juu ya ile nundu wamemfunga na kuni. Juu ya kuni wameweka ndoo za maji, juu ya ndoo kiroba cha mpunga. Akipiga magoti wanamwambia, hii ni nundu yako, simama. Kuni si nundu. Kuni zilifungwa na watu, na kilichofungwa na watu kinafunguka.

Sisi wa Mabogini tuna somo letu la jambo hili, nalo linapita nyuma ya nyumba zetu kila siku. Skimu yetu ya Moshi ya Chini ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikapangiwa kumwagilia hekta 1,100 za mpunga kwa maji ya mto Njoro na mto Rau. Mpunga ukastawi. Watu wa juu ya mto wakaona faida, nao wakafungua majaruba yao. Haikuchukua miaka mingi, maji yakaanza kupungua huku chini. Sijapata kuona mkulima amesimama kwenye banio anaukaripia mto kwamba ni mvivu, au anaulinganisha na mto wa jirani. Kila mtu aliona wazi kwamba mashamba yameongezeka na maji ni yaleyale. Ndipo watu wakakaa, wakagawana zamu. Leo jaruba hili, kesho lile, na lisilo na zamu linasubiri hata likipasuka nyufa.

Sasa jitazame. Bibi yako alikuwa na majaruba yake, nawe umeyarithi yote. Kisha umeongezewa la ofisi. Ukaongezewa kundi la wazazi wa shule kwenye simu, linalolia saa nne za usiku kwamba kesho kila mtoto aje na manila na gundi. Kuna VICOBA Jumamosi, kwaya Jumapili, kamati ya sendoff ya binti wa jirani yenye sare ya kitenge ambayo hukuichagua na huna pesa yake. Kuna keki ya bethdei ya mtoto, ambayo lazima ipigwe picha. Na katikati ya yote hayo uwe mke anayenukia vizuri. Siku ina saa zilezile alizokuwa nazo bibi. Wewe ukikauka unajiita mzembe.

Na nikishataja bibi, najua kuna mtu atainua mkono. "Bibi zetu walizaa tisa, wakalima, wakakata majani ya ng'ombe, na hawakulalamika." Mimi huuliza: hawakulalamika, au hawakuulizwa? Wanawake wa Kichaga wa mlimani walishuka kwa miguu mpaka huku tambarare kulima mahindi, wakapanda tena na mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Kahawa ilikuwa ya mzee, na pesa yake ya mzee. Ndizi na maziwa ndivyo vilikuwa vya mama. Ilikuwa kazi nzito na sitaki mtu anipambie. Ila bibi alikuwa na kitu kimoja wewe huna. Alikuwa na mikono ya watu. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kilipakana na kihamba, wakwe na mashemeji wote umbali wa kuita kwa sauti. Mtoto akilia, alilia masikioni mwa wanawake watano.

Na alipojifungua, bibi alikaa ndani miezi mitatu. Haendi kuchota maji, hakati majani. Analishwa mtori na mlaso mpaka mashavu yarudi. Otto Raum, aliyeandika kitabu juu ya malezi ya Wachaga kilichochapwa mwaka 1940, anaeleza jinsi miezi hiyo ilivyokwisha: mzazi alitolewa ndani akiwa amenyolewa, amevishwa taji la shanga, ameshika fimbo kama ya wazee, akaenda polepole sokoni akisindikizwa na nyimbo wanazoimbiwa mashujaa wanaorudi kutoka vitani. Hebu tulia hapo kidogo. Shujaa wa vita. Mwanamke aliyezaa mtoto, hakufanya kingine chochote kwa miezi mitatu, na anaimbiwa kama aliyerudi na ushindi. Watu walewale tunaowatumia kuwapigia fimbo kina mama wa leo walijua kwamba mzazi anapumzishwa.

Mimi nilipomzaa kifungua mimba wangu nilirudi kazini baada ya miezi mitatu. Ilikuwa mwaka 2008, ofisi moja ya mjini ambayo sitaitaja. Nilikuwa dirishani, nahudumia wateja. Ilipofika saa nne asubuhi maziwa yakaanza kuchuruzika, na blauzi yangu ya bluu ikaweka madoa mawili mbele za watu. Nikachukua faili nikajifunika. Mzee niliyekuwa namhudumia aliinamisha macho kwenye risiti zake, akazihesabu na kuzirudia, mpaka nilipomaliza kujiweka sawa. Mpaka leo namwombea mzee yule. Nikaenda kwa mkubwa wangu kuomba nikimbie nyumbani mara moja nikanyonyeshe. Akasema, "Hapa si kliniki." Nikaingia chooni nikakamulia kwenye sinki. Nikafungua bomba, nikayatazama maziwa ya mwanangu yakizunguka na kushuka. Nilifanya hivyo miezi minne, na kila siku niliyemlaumu ni mimi: mbona nimeshindwa kujipanga?

Sikujua sheria, mdogo wangu, ndiyo maana nawe nakuchosha nayo leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku 84 ni majuma kumi na mawili, karibu sawa na ile miezi mitatu ya bibi. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua hutakiwi kufanya kazi, mpaka daktari athibitishe kwamba unaweza. Na ukisharudi, mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Hiyo si hisani ya bosi mwenye moyo mzuri. Iko kwenye sheria. Baba naye ana siku tatu za malipo ndani ya wiki ya kuzaliwa mtoto. Ni chache, inaniuma kuziona zilivyo chache, lakini mwulize mumeo alizitumia wapi. Asije akawa alizimalizia kupokea pongezi.

Na wewe mwingine, unayebeba ndoo ya mchele kwenda soko la Mbuyuni, najua yote hayo hayakufikii. Likizo yako unajipa mwenyewe, na kila siku unayojipa inakula mtaji. Kwako nina onyo moja, nami nitalirudia kila tukikutana: usikope ili uonekane unaweza. Nimeona wanawake wakiingia kwenye mikopo ya kausha damu si kwa ajili ya ada wala dawa, bali kwa ajili ya sare ya sherehe na mchango wa kamati. Wakatoka na aibu kubwa kuliko ile waliyokuwa wanaikimbia. Kitenge kikishapauka, marejesho bado yanadaiwa kila Ijumaa.

Nikwambie na jambo ambalo wengi huliweka moyoni, wakidhani ni wao tu. Uchovu haukai mahali pake. Huhama. Kuna jioni mtoto anamwaga uji, uji wa mia tano tu, na mkono wako unaruka kabla hujafikiri. Unamwona anavyokutazama. Usiku akiwa amelala unakwenda kumfunika, unamgusa lile shavu, unalia kimyakimya. Unajiambia wewe ni mama mbaya. Njoo nikushike mkono. Si mama mbaya. Umebebeshwa mpaka shingo imekakamaa, na aliyekuwa karibu ndiye ameangukiwa. Lakini sikusamehe ukaendelea hivyohivyo, mdogo wangu. Mtoto hajui habari ya bosi wako wala ya foleni ya daladala. Yeye anajua shavu lake. Ukiona mkono umeanza kutangulia akili, hiyo ni dalili kwamba mzigo umezidi. Siku hiyo kitu kimoja lazima kishuke kichwani kwako, na usisubiri Jumamosi.

Na tahadhari unapokishusha. Wengi wetu tunakishusha kichwani kwetu na kukitwika kichwani kwa mtoto wa mwenzetu. Tunamleta binti kutoka kijijini, tunamwita dada wa kazi, halafu yeye ndiye analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 14 sheria haikuruhusu kumwajiri hata kidogo, hata kama wazazi wake wamekuomba. Na huyo aliye mkubwa ana mshahara wake, ana siku yake ya kupumzika, ana usingizi wake. Huwezi kulia kwamba dunia inakuonea huku kuna mtu jikoni kwako hajakaa chini tangu asubuhi. Ukimtendea haki ndipo atakusaidia kweli, na mwanao atalelewa na mtu asiye na kinyongo.

Sasa wacha nikugombeze kidogo, maana nimekubembeleza vya kutosha. Kuna kuni nyingine unajifunga mwenyewe. Kijana wako ameosha vyombo, umevirudia. Mumeo amemvalisha mtoto, umemvua ukamvalisha upya kwa sababu soksi hazifanani. Wifi amepika wali, umeusifia mdomoni kisha ukapika mwingine kesho yake kumwonyesha. Unadhani hawaoni? Mtu akifanya kazi ikarudiwa mara tatu, ya nne hafanyi, na hapo utasema "nyumba hii hakuna anayenisaidia." Umewafukuza, mpenzi wangu. Umewafukuza kwa ustadi wako.

Na Desemba je? Watu wanapanda mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, barabara zinajaa, nyumba zinapakwa rangi. Wewe likizo yako ya mwaka mzima inaishia jikoni kwa wakwe, unakoroga sufuria la watu arobaini, macho mekundu kwa moshi, na waume wamekaa nje na mbege wanazungumza siasa. Unarudi kazini Januari umechoka kuliko ulivyoondoka. Sisemi usiende. Nenda, nyumbani ni nyumbani. Lakini mwaka huu mpigie wifi yako mapema, na shemeji mdogo, na yule binamu aliyenunua gari jipya. Gawaneni siku. Wewe pika ya Krismasi, ya pili yake kaa mgombani upumzike, mwingine apike.

La mume ndilo gumu, nami sitakudanganya kwamba linaisha kwa mazungumzo ya jioni moja. Mume wa kwetu akionekana anaanua nguo kambani, jioni hiyohiyo wanasema amewekewa limbwata. Anaogopa midomo ya watu, na mama yake ndiye wa kwanza kuisikia. Usianze kwa kelele, na usianze siku umekasirika. Usimwambie "unisaidie" pia, maana ukisema hivyo umekubali kwamba kazi ni yako na yeye anatoa msaada. Mwambie, "Wewe kazi yako ni kumwogesha mtoto na kumlaza. Hiyo ni ya kwako."

Na akikwambia kazi za nyumbani si kazi, mwambie Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishalimaliza hilo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, majaji walisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya wanandoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Kufua kwako kumo ndani ya bati lililoezeka hiyo nyumba.

Akitaka ushahidi wa karibu zaidi, mpeleke hapo Chekereni. Chuo cha kilimo kilichopo pale tangu 1994 kilipokuwa kikifundisha kilimo cha mpunga mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiliita wanawake na wanaume kwa idadi sawa, na pamoja na habari za mbegu na kupandikiza kwa mstari, kikawafundisha na mgawanyo wa kazi baina ya mke na mume. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Mwanamke ndiye anayeinama jarubani kupandikiza na kupalilia. Akilemewa yeye, magunia yanapungua kwa wote.

Basi chukueni daftari la mtoto, ukurasa mmoja. Upande huu andika siku yako kuanzia unapoamka mpaka unapolala, upande ule aandike yake. Msibishane mkiwa mnaandika. Mkimaliza mpeane msome. Nimeliona hilo likimnyamazisha mwanaume mmoja wa hapa jirani kwa dakika nzima. Mkewe alikuwa na mistari ishirini na mitatu, yeye tisa, na miwili kati ya hiyo tisa ilikuwa "kupumzika." Hakusema kitu. Kesho yake alimpeleka mtoto shule.

Wangu alichukua muda mrefu kuliko huyo. Mwaka jana nililala siku nne na malaria, na siku ya tano nikajiburuta mpaka jikoni kwa mazoea. Nikamkuta yeye na kijana wetu wamesimama mbele ya sufuria, wanabishana kama unga unatosha. Kabla sijajijua nilikuwa nimeshashika mwiko. Kijana akanitazama, kimya, kwa macho ya mtu anayejua kinachofuata. Nikaurudisha mkononi kwake. Nikaja nikakaa kwenye hiki kigoda ulichokalia wewe. Ugali ukaja una mabonge, na dagaa walikuwa wamezidi chumvi. Nikanawa, nikamega, nikala.

"Mama, mzuri?" akaniuliza.

Nikamwambia aniongeze.